Ua la Asubuhi Moja

Katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediteranea, kama Hispania na Moroko, kuna vichaka vikavu vyenye udongo wa mchanga. Humo huota mmea mdogo wenye maua ya njano, ambao hauishi zaidi ya mwaka mmoja. Ua lake lina majani matano, na mara nyingi kila moja lina doa jeusi. Hufunguka asubuhi, adhuhuri majani yale yameanza kupukutika. Carl Linnaeus wa Uswidi aliuandika mmea huu kitabuni mwaka 1753, akauita «guttatus», maana yake wenye madoa.

Nani angejali mmea duni kama huu? Lakini wanavijiji wa Hispania huuita hierba turmera, ndiyo kusema mmea wa uyoga wa udongoni. Uyoga huo hautokezi kofia nje. Hukaa chini ya ardhi, mviringo kama kiazi, na watu huula tangu zamani za Warumi.

Wenye elimu wa kale walistaajabu. Plinius Mrumi, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba kitu hiki huishi bila mizizi, na kwamba watu husema ngurumo hukizaa. Alisimulia pia habari za Larcius Licinius, mkubwa wa serikali huko Cartagena. Huyu aliuma uyoga, akakuta ndani sarafu ya fedha, meno yake ya mbele yakapindika! Basi, Plinius akaona kwamba ni udongo tu uliojifumba.

Kumbe wachimbaji hawakuuliza ngurumo. Walitafuta mmea wa njano na ardhi iliyopasuka kando yake, wakachimba hapo.

Mwaka 1885, huko Berlin, Albert Bernhard Frank alieleza jinsi nyuzi nyembamba za uyoga zinavyofunika mizizi ya miti bila kuidhuru. Uyoga huupa mti maji na chakula cha udongo. Mti huupa uyoga sukari. Baadaye wataalamu waliona urafiki huohuo kati ya ua letu na uyoga wake.

Msomaji, jambo hili si la ng'ambo tu. Miti mingi ya miombo ya Katanga ina urafiki huo na uyoga ambao mama zetu huokota mvua zikianza. Tukikata miti yote kwa kuchoma makala, tusiulize ngurumo uyoga umekwenda wapi.