Safu ya Lugha: Kamani

Kamani ni chuma kinachopinda kwa uzito kisha kurudia umbo lake. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Ukichungulia chini ya pikapu kwa nyuma utauona upinde wenyewe: mabamba yamepangana, refu juu, fupi chini, yamefungwa kwenye ekseli. Dar es Salaam mafundi husema springi. Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo (DRC), husikika resori, kutoka Kifaransa.

Njia rahisi ya kushusha gari lenye kamani hizo ni kupunguza bamba au, kamani ikiwa chini ya ekseli, kupachika kipande cha chuma kati yake na ekseli. Gari lililoshuka halilali sana kwenye kona. Ila ukitoa bamba umetoa na nguvu ya kubeba, na tumbo la gari limekaribia ardhi. Barabara ya udongo ya Kasongo hadi Kabambare, iliyojulikana kwa misafara ya karne ya 19, hailihurumii tumbo hilo wakati wa mvua. Huko heri kuongeza bamba.

Matumizi: kamani hii imekatika, kamani hizi zimelegea. Usiseme makamani.