Mdai Kabla ya Dai: Uwakili wa Maslahi ya Umma na Malisho ya Soitsambu

Uwakili wa maslahi ya umma, yaani uendeshaji wa mashauri ambayo faida yake inakusudiwa kulifikia kundi zima na si mdai mmoja, umezoeleka kusimuliwa kwa kuhesabu hukumu. Hesabu hiyo haitoshi katika kata ya Soitsambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, ambako vita vya kisheria dhidi ya makampuni na Serikali vimeamuliwa zaidi na maswali yanayotangulia hukumu: nani anastahili kudai, kwa jina gani, na kwa ushahidi upi.

Msingi wa uwakili huo uliwekwa katika muda mfupi. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira alikubali kwamba raia anaweza kuitetea Katiba mahakamani hata pale ambapo madhara hayakumgusa yeye peke yake. Mwaka huohuo ilianzishwa LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira, na mwaka 1995 kikafuata Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Hata hivyo, hukumu iliyowafaa wafugaji kuliko zote haikuletwa na taasisi yoyote kati ya hizo. Iliwahusu baba na mwanawe wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, eneo ambalo leo limo wilayani Karatu: katika shauri la Lohay Akonaay, Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Tofauti na miaka ya nyuma ni kubwa, kwani mwaka 1985 Wabarabaig wa Mulbadaw, waliodai mashamba yaliyotwaliwa na shirika la umma la kilimo la NAFCO, walishindwa pamoja na mengine kwa sababu hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria.

Tamko hilo la Akonaay lilipimwa Sukenya, katika kata ya Soitsambu. Mwaka 1984 kampuni ya bia ya Tanzania Breweries ilipewa ekari 10,000 za kulima shayiri, ikalima sehemu ndogo tu, kisha ikaondoka na mifugo ikaendelea kulishwa humo. Lakini hati iliyotolewa baadaye ilisomeka ekari 12,617, na mwaka 2006 eneo lote lilihamishiwa kampuni dada ya Thomson Safaris ya Marekani kwa miaka 96. Shauri la kwanza la kijiji cha Soitsambu halikufika mbali. Lile la 2013 liliandaliwa kwa uangalifu zaidi: walalamikaji walikuwa halmashauri za vijiji vya Mondorosi, Sukenya na Soitsambu, ambazo kisheria ni nafsi zinazoweza kushtaki na kushtakiwa, na mwaka 2014 mawakili walifika hadi mahakama ya Massachusetts kudai nyaraka za kampuni. Oktoba 2015 Mahakama Kuu, Arusha, iliona kuwa zile ekari 2,617 za ziada zilichukuliwa isivyo halali, na zile 10,000 zikabaki kwa kampuni. Ni ushindi mwembamba, na wembamba wake una maana: kilichoangushwa ni tofauti ya tarakimu kati ya karatasi mbili, wala si hoja ya malisho.

Ugumu huohuo ulijitokeza katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambako vijiji vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vikiwakilishwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, vilifungua shauri baada ya maboma kuchomwa Agosti 2017. Mchungaji hulitaja eneo kwa kilima, kisima na njia ya ng'ombe. Mahakama ilitaka kujua kama boma lililobaki majivu lilikuwa ndani ya ardhi ya kijiji au ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Shauri lilitupwa Septemba 2022 kwa kukosa uthibitisho wa kutosha, miezi michache baada ya kilomita za mraba zipatazo 1,500 kutangazwa kuwa pori tengefu la Pololeti. Novemba 2023 kitengo cha rufani kikaitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.

Wakati huohuo mlango wa Mtikila ulibanwa, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Halmashauri ya kijiji ndiyo ilibaki kuwa mdai wa kutegemewa, na kwa sababu hiyo tangazo la Serikali la Agosti 2024, lililofuta vijiji 25 vya tarafa jirani ya Ngorongoro kabla Mahakama Kuu haijalisimamisha kwa muda, lilimgusa mdai mwenyewe kabla ya dai lake.