Bwana Msa Si Holmes wa Unguja

Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau, shujaa wake Bwana Msa amebandikwa jina la Sherlock Holmes wa Unguja. Wanaosema hivyo hawakosi ushahidi. Kiko hakimbanduki mdomoni, na Najum, sahibu yake, humwandama kama Dakta Watson. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, hakujaribu hata kidogo kuuficha mkopo huo. Hata hivyo, huo ni mfanano wa mavazi. Kwa kazi anayoifanya, Bwana Msa ana undugu zaidi na Miss Marple, bibi kizee wa kijiji cha St Mary Mead ambaye Agatha Christie alimpa riwaya yake ya kwanza mwaka 1930. Wote wawili si askari, hawaajiriwi na mtu, na hufumbua mafumbo kwa sababu wanaijua jamii wanamoishi.

Holmes ana wateja. Watu wasiomjua humwendea Baker Street na kumweleza shida zao, naye huanza kuwasoma kwa tope la viatu na majivu ya sigara, maana London ni jiji la wageni. Unguja ya Bwana Msa haina wageni wa namna hiyo. Katika riwaya hiyo ya kwanza, Bwana Ali anapokutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu hufukiza ubani na kuweka nadhiri, wengi wanaona wazi kwamba wahenga wamekasirika, na Inspekta Seif ana kazi ngumu mbele yake. Kinachomsaidia Msa ni kuuliza mambo ya nyumbani: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, mirathi inaelekea wapi. Katika riwaya zilizofuata pia fumbo hukaa ndani ya ukoo. Jina la Mke Mmoja Waume Watatu, ya mwaka 1975, linatosha kumdokeza msomaji. Abdulla mwenyewe, kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, alikuwa mkaguzi wa afya. Naona kazi hiyo ilimfaa mtunzi wa hadithi hizi kuliko chuo chochote, kwani bwana afya huingia uani kwa watu na kuona yasiyoonekana barazani.

Atakayepinga atasema kwamba Msa haamini mizimu, na kwamba akili hiyo ya kudai ushahidi ndiyo Uholmes wenyewe. Lakini kukataa mizimu hakukuhitaji kuagizwa London. Masheikh wa Unguja walikuwa wakikemea ushirikina tangu zamani, na msomaji Mwislamu wa mjini hakuhitaji Mwingereza kumwambia kwamba marehemu hashiki kisu. Alichoongeza Abdulla ni kulifanya shaka hilo liwe burudani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 1964, na riwaya zote za Bwana Msa isipokuwa ya kwanza zilitoka baadaye: Kisima cha Giningi mwaka 1968, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Ulimwengu wake, lakini, umebaki ule wa mabwana na mashamba yao, kana kwamba hakuna kilichotikisika. Wahakiki waliolalamikia hilo wana haki. Ila hadithi ya namna hii huhitaji mtaa uliotulia ili uhalifu mmoja uonekane kuwa doa, na Christie naye alikilinda kijiji chake vivyo hivyo huku Uingereza ikipigana vita. Mwandishi aliyetaka kuionyesha nchi mpya ilimbidi abadilishe mpelelezi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Elvis Musiba: Willy Gamba wake, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni jasusi wa serikali, ana bastola, na adui zake hutoka nje ya mipaka. Kwa Gamba mauaji ni habari ya taifa, na hana haja ya kujua marehemu alikuwa na wake wangapi.