Je, Msalaba Waweza Kuubariki Upanga?



Barazani zinapofika habari za vita, si ajabu kumsikia mtu akisema kuwa dini ya Kikristo ni dini ya vita, na mwenziwe akamjibu kuwa dini hiyo yamwambia aliyepigwa shavu moja ageuze la pili. Kila mmoja ana jambo analoshikilia. Basi leo tuiulize taarikhi: Je, imani ya Kikristo yaweza kuhalalisha vita? Na mashahidi wetu wawe Wakristo wenyewe, kwani si uadilifu kumhukumu mtu kwa kauli ya hasimu wake.

Katika miaka 300 ya mwanzo, wengi katika wanavyuoni wao walimkataza Mkristo kumwaga damu. Walishika mafundisho ya kuwapenda maadui, na kile kisa cha Petro alipoamrishwa aurudishe upanga wake alani. Mwaka 295, katika mji wa Tebessa, ambao leo umo nchini Algeria, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilian alipelekwa kuandikwa askari wa Roma. Akakataa, akasema yeye ni Mkristo na hawezi kupigana. Akaambiwa kuwa wako Wakristo wengine jeshini, na hilo lilikuwa kweli. Lakini yeye alishikilia neno lake mpaka akauawa. Kanisa lamhesabu kuwa mtakatifu hadi leo.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 312 Constantine aliutwaa mji wa Roma, na baada ya ushindi huo akawa mlinzi wa Wakristo. Ilipofika mwaka 380 Ukristo ukawa ndio dini ya dola. Waliokuwa wakiteswa na watawala sasa ndio watawala. Hapo pakazuka swali ambalo Maximilian hakulazimika kulijibu: akija adui kuwaua wajane na watoto, nani atawalinda?

Aliyejibu swali hilo, akafuatwa na wengi, ni Augustine, askofu wa Hippo huko huko Afrika ya Kaskazini. Alisema vita ni balaa la kuhuzunisha, lakini huenda vikawa wajibu ili kuzuia dhulma. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 430 hali mji wake umezungukwa na jeshi la Wavandali, nao pia ni Wakristo wa madhehebu nyingine. Baadaye Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, akayapanga masharti matatu: vita viamrishwe na mwenye mamlaka, pawe na kosa la haki lililotendwa na anayepigwa, na nia iwe njema, si tamaa wala ukatili.

Basi, ndugu msomaji, mizani imekwisha kuwekwa, na waliyoiweka ni wao. Natutazame matendo.

Mwaka 1095, huko Clermont, Ufaransa, Papa Urban II aliwaita watu waende kuitwaa Baitul-Maqdis, akawaahidi kuwa atakayekwenda kwa ajili ya ibada, safari hiyo itakuwa ndiyo toba yake. Mwezi wa Julai 1099 wakauingia mji ule wakawaua Waislamu na Mayahudi, wake kwa waume. Padri mmoja aliyekuwa pamoja nao, Raymond wa Aguilers, aliiandika habari hiyo kwa furaha, akaiona ni hukumu ya haki ya Mungu. Lakini mwaka 1204 wabeba msalaba wengine waliuvamia Constantinople, mji wa Wakristo wenzao, wakapora mpaka makanisa. Papa Innocent III mwenyewe akawalaumu kwa maneno makali. Na mwaka 1219, vita vikiwaka Misri, Francis wa Assisi alivuka bila silaha mpaka kwa Sultani al-Kamil kumlingania dini yake. Sultani akamsikiliza na kumrudisha salama. Wote hao, mpiga upanga na asiyekuwa na upanga, walisema wanamfuata Nabii Isa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1455 Papa Nicholas V alikwisha kumpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwapiga Waislamu na wengine wasiokuwa Wakristo na kuzitwaa nchi zao. Mwaka 1502 Vasco da Gama akafika Kilwa, akamlazimisha Amir Ibrahim, kwa vitisho vya mizinga, kutoa kodi ya dhahabu. Mwezi wa Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na merikebu zake, akauteka mji. Mapadri wakashuka na misalaba miwili wakiimba kumshukuru Mungu, na Almeida akaomba dua. Dua ilipokwisha, askari wakaanza kupora. Habari hii haikuandikwa na mtu wa Kilwa. Imetoka katika msafara wao wenyewe. Mwezi uliofuata wakauchoma moto na kuupora mji wa Mombasa.

Lakini tazama Malindi. Nayo ilikuwa na misikiti, na mfalme wake alikuwa Mwislamu. Malindi haikuchomwa, kwa sababu mfalme wake alifanya urafiki na Wareno tangu mwaka 1498, naye alikuwa na uhasama na Mombasa. Lau sababu ingekuwa dini tu, Malindi isingesalimika, na Constantinople isingeguswa. Biashara ya dhahabu na njia ya Bara Hindi ndizo zilizoongoza, na msalaba ukatangulizwa mbele.

Mwaka 1539, katika chuo kikuu cha Salamanca, Hispania, padri Francisco de Vitoria aliwafundisha wanafunzi wake juu ya vita vya nchi yake huko Marekani. Akasema wazi kuwa tofauti ya dini si sababu ya haki ya kupigana, wala kutanua ufalme si sababu, wala fahari na faida ya mfalme. Huyu hakuwa mtetezi wa Waislamu; alikuwa mwalimu mkubwa wa kanisa lake. Ukiupima uvamizi wa Kilwa kwa maneno yake, umeanguka. Amir Ibrahim hakuvuka bahari kwenda kuipiga Lisbon.

Jawabu letu basi ni hili. Wako Wakristo, kama Quakers na Mennonites, wanaokataa vita vyote. Wengi wao husema imani yao yaweza kuruhusu vita vya kuzuia dhulma, kwa masharti mazito. Lakini yaliyotendwa Kilwa na Baitul-Maqdis hayana ruhusa katika masharti hayo, hata kama Papa ametia muhuri. Anayesema "hiyo ndiyo dini yao" huwapa wale waporaji udhuru wasiostahiki, na humdhulumu jirani yake Mkristo ambaye hakupora kitu.

Wala sisi tusijisahau. Dini yetu imeruhusu kumpiga anayetupiga, ikakataza kuruka mipaka. Sayyidna Abubakar aliyausia majeshi yasiue wanawake, watoto wala wazee, na yawaache watawa katika nyumba zao za ibada. Hata hivyo, Novemba 1914 Istanbul ilitangaza jihadi hali Sultani ni mshirika wa Kaizari wa Ujerumani, Mkristo, dhidi ya Wakristo wengine. Na tarehe 7 Agosti 1998, mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, Waislamu na Wakristo waliokuwa katika shughuli zao za kila siku, na waliowaua walidai wanaipigania dini.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikujia na maneno ya mtu anayemwita vitani kwa jina la Mwenyezi Mungu, mfundishe amuulize mtu huyo mambo matatu: Nani aliyekupa amri? Dhulma gani unayoizuia, na aliyeitenda ndiye huyo utakayempiga? Na ukishinda, mali na madaraka vitabaki mikononi mwa nani? Maswali hayo yangeulizwa Lisbon mwaka 1505, Almeida asingekuwa na la kujibu. Na yaulizwe kwetu pia, kabla ya damu kumwagika.

Wabillahi tawfiq.