Pete ya Ndoa Kidoleni mwa Askari: Uchunguzi wa Kihistoria

Methali yetu yasema, chanda chema huvikwa pete. Waalimu wa fasihi aghalabu huieleza kwa ufupi kwamba wema hulipwa, kisha wakapita. Lakini yafaa tulitazame lile neno "huvikwa". Ni kitenzi cha kutendwa: chanda hakijivishi chenyewe, bali yuko anayekivika, ingawa methali haimtaji. Katika makala haya twakusudia kumtafuta mtu huyo asiyetajwa, pale ambapo chanda ni cha askari na pete ni ya ndoa. Je, ni mkewe aliyemvika? Ni kanisa? Au ni dola iliyompa bunduki?

Wako wengi miongoni mwetu wanaoamini kwamba pete ya bwana arusi ni desturi kongwe ya Kikristo, iliyotufikia kutoka zama za mitume pamoja na ubatizo na mkate. Historia haikubaliani nao. Rai yetu ni kwamba pete ya mume, kama ijulikanavyo leo katika makanisa ya Kenya, imefika kidoleni kwa njia ya vita zaidi ya njia ya madhabahu. Na kwamba dola, tangu kale, imejipa haki ya kuiruhusu pete hiyo, kuiomba au kuizuia.

Na tuanze na Warumi, kwa kuwa ndio waliokuwa na jeshi la kudumu lenye sheria zilizoandikwa. Askari wa Kirumi alikatazwa kuoa muda wote wa utumishi wake. Sheria hiyo hunasibishwa na Kaisari Augusto. Ama kwa hakika askari waliishi na wanawake, wakazaa, na juu ya makaburi yao wakaandikwa kuwa ni waume wa fulani. Lakini mbele ya sheria mwanamke huyo hakuwa mke na wale watoto hawakuwa warithi. Katika mwaka wa 119 baada ya Masihi, Kaisari Hadriani alimwandikia liwali wake wa Misri kwamba watoto wa askari waliokufa wapewe njia ya kudai mali ya baba zao. Barua hiyo imetufikia kwa sababu nakala yake iliandikwa juu ya mafunjo. Nao askari wa vikosi vya wageni, wakiisha kutumikia miaka 25 na kuagwa kwa heshima, walipewa kibao cha shaba nyeusi kilichochorwa maandishi: sasa wamekuwa raia, na ndoa zao zimetambuliwa, kila mume mke mmoja. Kibao hicho ndicho kilichokuwa pete yao, na aliyewavika ni Kaisari.

Mwaka wa 197 Kaisari Septimio Severo aliibadili hali hii. Huyu alikuwa mwana wa Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya ya leo, na kiti chake alikipata kwa upanga, kwa hiyo alijua anayepaswa kumshukuru. Mwanahistoria Herodiano atuambia kwamba Severo aliwaongezea askari mshahara, akawaruhusu kuvaa pete za dhahabu, na kuishi na wake zao. Pete na mke vyatajwa katika pumzi moja! Msomaji wa leo angedhani kwamba jambo moja ndilo la pili, yaani pete hiyo ilikuwa ya ndoa. Sivyo. Pete ya dhahabu ilikuwa alama ya cheo, ambayo zamani iliwahusu watu wa tabaka la juu. Pete ya uchumba ilikuwa kitu kingine kabisa: Plinio asema kwamba katika siku zake mchumba wa kike alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Pete hiyo ilikwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Mume hakuvikwa kitu.

Hapa mwalimu wa lugha hawezi kujizuia kusimama kidogo. Kiapo cha askari wa Kirumi kiliitwa sacramentum. Neno hilo ndilo ambalo Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, Tertuliano wa Carthage akiwa mmoja wao, walilichukua kwa ajili ya mambo ya imani, na leo twalitamka "sakramenti", na Wakatoliki wakaihesabu ndoa kuwa mojawapo. Yaani kiapo cha ndoa na kiapo cha bendera vimepata kukaa katika neno moja, na huenda ndiyo sababu kila kimoja kimekuwa kikimtilia shaka mwenzake.

Upande mmoja huo ulidumu muda mrefu. Makanisa ya Mashariki yaliwavika pete wote wawili, lakini si yale yaliyotuletea wamishenari wengi. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1549 kilimwelekeza mume aweke pete kidoleni mwa mke, basi. Kitabu cha ibada cha Kanisa la Roma cha 1614 nacho kilibariki pete ya bibi arusi peke yake. Katika nchi kadhaa za bara la Ulaya, kama Ujerumani na Italia, waume wengi walizoea kuvaa pete kwa desturi ya watu. Mwingereza kwa jumla hakuvaa.

Palipokuwa na pete, dola iliiona. Mwaka wa 1813, Prussia ilipokuwa ikipigana na Napoleon, binti wa kifalme Marianne aliwaomba wanawake watoe dhahabu yao kwa ajili ya vita, nao wakapewa mapambo ya chuma yaliyoandikwa kwamba mwenyewe alitoa dhahabu akapokea chuma.

Lakini kisa kinachotuhusu sisi Waafrika ni cha 1935. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo majeshi ya Mussolini yaliingia Ethiopia. Tarehe 18 Novemba Shirikisho la Mataifa likaanza kuiwekea Italia vikwazo vya biashara. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 18 Desemba, serikali ya Kifashisti iliwaita wananchi watoe pete zao za ndoa. Malkia Elena alikuwa wa kwanza: mjini Roma, mbele ya kaburi la Askari Asiyejulikana, aliitoa pete yake pamoja na ya mfalme. Wanawake wakafuata katika foleni, wajane wa vita vya 1914-1918 wakiwa mbele. Roma peke yake zilikusanywa pete zipatazo 250,000, na Milano 180,000. Mwandishi Luigi Pirandello alitoa nishani yake ya Nobel. Kila aliyetoa alipewa pete ya chuma, na maaskofu na mapadri wengi wakazibariki pete hizo mpya. Wako vilevile waliokwenda dukani wakanunua pete hafifu wakaitoa hiyo, na ile ya kweli wakaificha. Hao twawahesabu kuwa na akili.

Siku hiyo iliitwa Giornata della Fede. Kwa Kiitalia neno fede lina maana mbili: ni imani, na ni pete ya ndoa. Propaganda ya Mussolini haikuhitaji kubuni msemo. Ilikuta kazi imekwisha kufanywa na lugha. Anayetoa fede yake ametoa pete, naye papo hapo ametangaza imani, ila imani hiyo sasa haielekei kwa mume wala kwa mke bali kwa dola. Kiswahili kisingeweza kumfanyia kazi hiyo. Neno letu "pete" ni la Kibantu, nalo lina uhusiano na kitenzi cha zamani "peta", yaani kupinda kitu kikawa mviringo. Pete yetu ni umbo tu. Ikitakiwa kubeba imani, hatuna budi kuiongezea maneno: pete ya ndoa, pete ya agano.

Pete hizo za chuma hazikubaki Ulaya. Mapema mwaka wa 1941 majeshi ya Uingereza yalitoka Kenya, na ndani yake vikosi vya King's African Rifles. Mogadishu ilitwaliwa tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Waitalia kwa makumi ya maelfu walichukuliwa mateka wakaletwa kwetu. Ndio waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu, kando ya barabara iteremkayo Bonde la Ufa. Kamanda wao mkuu, Amedeo wa Aosta, alifia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akazikwa Nyeri. Baadhi ya mateka hao walikuwa waume wa nyumba zilizotoa dhahabu ili vita hivyohivyo vilipiwe.

Na askari wa Kiafrika aliyewalinda? Huyo kwa kawaida hakuwa na pete ya ndoa, ila alikuwa na mke. Mwislamu wa pwani au Mnubi aliweza kuvaa pete ya fedha yenye kito, kwa kuwa dini humkataza mwanamume dhahabu. Lakini pete hiyo haikusema lolote juu ya ndoa. Mkikuyu, Mkamba au Mluo alikuwa ameoa kwa mahari, mbele ya wazee, na ushahidi wake ulikuwa mifugo iliyohama boma na watu walioiona ikihama. Jeshi lilimtambua mke huyo kwa njia yake: kabla ya vita askari kadhaa waliruhusiwa kukaa na familia kambini, na wakati wa vita sehemu ya mshahara ilipelekwa nyumbani. Ndoa ikawa mstari katika daftari la malipo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Mke wa askari wa aina hii hakungoja pete irudi; haki yake ilitegemea jina lake liliandikwaje, na nani aliliandika.

Wakati huohuo, kwa Waingereza na Wamarekani, pete ya mume ilikuwa ikizaliwa. Mwaka wa 1926 masonara wa Marekani walijaribu kuwauzia wanaume pete ya uchumba. Hawakufaulu, wanaume waliona aibu. Kilichoshindikana kwa matangazo kilifanikishwa na vita. Kijana aliyeoa leo na kusafiri keshokutwa alitaka kitu cha kukumbukia, naye mkewe alitaka wanawake wa huko aendako wakione. Mwishoni mwa miaka ya 1930 arusi za pete mbili nchini Marekani zilikuwa kama asilimia 15. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa asilimia 80. Uingereza nayo iliibana dhahabu, ikaruhusu tangu 1942 pete za kiwango cha vita za karati 9, lakini haikuwazuia watu kuvishana. Ibada ilikuja nyuma ya askari: Kanisa la Roma liliweka pete mbili katika ibada yake mpya ya 1969, na Kanisa la Uingereza katika kitabu chake cha 1980. Basi bwana arusi wa Kikuyu au wa Mombasa anayenyoosha mkono avikwe, hafuati desturi ya mitume. Afuata ya vijana wa 1942. Wala Waingereza wenyewe hawajakubaliana wote. Mwanamfalme William, alipooa tarehe 29 Aprili 2011 akiwa rubani wa jeshi la anga, alichagua kutovaa.

Siku hizi majeshi hayaombi tena pete, ila yanaipimia nafasi. Kanuni za mavazi za jeshi la nchi kavu la Marekani huruhusu pete zisizozidi mbili, na seti ya ndoa huhesabiwa kuwa moja, isipokuwa pale ambapo usalama hukataza. Hatari yenyewe ni ya kweli. Askari arukaye kutoka nyuma ya lori, pete ikanasa kwenye chuma, huweza kuchunwa ngozi ya kidole chote, au kidole kikang'oka. Fundi wa magari au wa ndege akigusisha pete kwenye ncha za betri, huungua hadi mfupani. Wengine huifunika kwa utepe mweusi isimetemete usiku, wengine wameigeukia pete ya mpira wa silikoni ambayo hukatika upesi. Na wengi, kama walivyofanya babu zao katika vita vile, huivua kidoleni wakaitia katika mnyororo wa shingoni, pamoja na vile vibati viwili vilivyoandikwa jina na namba ya utumishi.