Mwana wa Baba Aliyezama Ardhini

Baba anashuka ardhini pamoja na wenzake hadi kwa mfalme wa kuzimu. Anapokewa vizuri, anapewa ng'ombe na mbegu, kwa sharti moja tu: arudi kutoa shukrani. Akishafika nyumbani anasahau. Mwenye mali anamtuma Rufu, yaani Kifo, akadai deni. Baba na jamaa zake wanatoweka, na mwana aliyezaliwa na kijakazi anabaki juu ya ardhi, peke yake, na milki ya kuanzisha.

Anayetafuta kisa cha filamu ya maajabu, ya kutazamwa na mzazi na watoto wake, asivuke bahari. Hiki kimesimuliwa Buhaya, nchi ya Wahaya, kwa karne nyingi. Baba ni Wamara, wa mwisho katika wafalme wa Bachwezi. Mfalme wa kuzimu ni Kintu. Mwana ni Ruhinda, na mama yake, kwa simulizi za Karagwe na Nkore, ni Njunaki.

Waliotoweka hawakuhesabiwa kuwa wameisha. Wamara alibaki na roho za wafu, Kazoba akapewa jua, Irungu akapewa nyika na mawindo, Mugasha akapewa ziwa na dhoruba zake. Mvuvi wa Muleba aliyeona wingu jeusi likisogea kutoka visiwani alijua ni nani wa kumwomba.

Lakini kinachonishika zaidi ni mwana. Koo za Bahinda zilizotawala Karagwe, Ihangiro ambayo leo ni Muleba, na Kyamutwara kule Bukoba, zote zilijiita uzao wa Ruhinda. Kiziba, upande wa kaskazini, ilikuwa chini ya Babito, wenye asili ya Bunyoro. Wako wanahistoria wanaoona kwamba uzi unaomuunganisha Ruhinda na Wamara ulishonwa baadaye, ili watawala wageni wakubalike kwa watu waliokuwa wakiwaheshimu Bachwezi tangu zamani. Naona wana hoja. Baba aliyezama ardhini hawezi kuitwa barazani athibitishe mwanawe. Jina lake linabaki kwa anayelisimulia vizuri.

Na majina hayo yalifungwa kwenye mahali. Katuruka, karibu na Maruku, palikuwa na mti uitwao Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kuwa Rugomora Mahe, mfalme wa Kihinda wa karne ya 17, aliagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma afike mbinguni, ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akifuata maneno ya wazee. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wahunzi walikuwapo kabla ya Mahe, kabla ya Bahinda wote. Mfalme alikuwa amejenga enzi yake juu ya moto wa watu wengine, na hadithi ikatunza kumbukumbu ya moto huo hata pale ilipobadilisha majina.

Visa hivi havikuhitaji turubai wala projekta. Vilikuwa na enanga, au nanga: ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja ukipitishwa juu yake mara saba au nane, na mwimbaji akiupiga huku akiigiza sauti za mashujaa. Watawala waliwaweka waimbaji hao karibu nao. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alinasa nyimbo za nanga za Wahaya, ukiwamo wimbo wa Mugasha ulioimbwa na Habibu Selemani. Uchifu ulipofutwa nchini mwaka 1963 mabaraza ya kifalme yalifungwa, lakini nyuzi hazikunyamaza. Mwaka 1983 Profesa M. M. Mulokozi alichapisha makala akiuliza kama waimbaji wa nanga ni watunzi wa tendi. Alijibu kwamba ndio, wakati wasomi wengine walikuwa bado wanabisha kama Afrika ina tendi zozote.

Filamu zetu tangu miaka ya 2000 zimejaa baba na mwana wanaogombana sebuleni kwa ajili ya urithi. Huyu wa kwetu aliachiwa urithi na baba aliyemezwa na ardhi kwa deni la shukrani. Ningepewa nafasi ya kutengeneza filamu yake, ningeanza kwenye giza tupu, nanga ikilia peke yake, na mtoto akiuliza baba amekwenda wapi.