Kongwa iliyowafundisha wapima macho

Mwanafunzi wa optometria hukutana mapema na hesabu fupi: chukua 15, toa robo ya umri wa mgonjwa. Jibu ndicho kiwango cha chini cha uwezo unaotarajiwa kubaki ndani ya jicho wa kujirekebisha ili lione kitu cha karibu. Mwenye miaka 40 ana diopta 5, diopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Akifika 60, hesabu inamwachia sifuri.

Kanuni hiyo ni ya Mmarekani Henry Hofstetter, ambaye aliijenga katikati ya karne ya 20 kwa vipimo vya waliomtangulia, akiwemo Franciscus Donders wa Utrecht, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1864, na Alexander Duane wa New York, aliyepima maelfu ya macho. Hofstetter alipitia Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako kozi ya fani hii ilianzishwa mwaka 1914 na mwanafizikia, Charles Sheard. Columbia ya New York ilikuwa imetangulia mwaka 1910. Kabla ya hapo, Marekani ilikuwa na wauza miwani wengi waliojifunza kazi dukani, na madaktari hawakuwahesabu kuwa wenzao. Maabara ya chuo ndiyo iliyowapa heshima, kwa kuwa huko walilazimika kuthibitisha kila walichokuwa wakidai.

Lakini maabara humjua yule aliyeingia ndani yake. Waliopimwa walikuwa watu wa Ulaya na Marekani, na kazi ya karibu iliyofikiriwa kwanza ilikuwa kusoma na kuandika. Kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kudhani kwamba mkulima asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu macho yake ya karibu yakififia.

Jibu lilitoka Kongwa, mkoani Dodoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, walikuwa wakifanya kazi huko na Watanzania tangu miaka ya 1980, wakichunguza ugonjwa wa vikope. Baadaye swali likawa jingine: je, presbiopia, yaani kufifia kwa uoni wa karibu kunakoletwa na umri, inamsumbua vipi mtu wa kijijini? Walipima watu zaidi ya 1,500 wenye miaka 40 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Takriban asilimia 62 walikuwa na tatizo hilo, na wachache sana walikuwa na miwani.

Ninachokithamini zaidi katika utafiti ule ni maswali yake. Watu waliulizwa kuhusu kuchambua mchele na maharage, kupepeta nafaka, kupalilia, kupika, kuwavisha watoto, kuwasha taa na kurekebisha utambi wake. Ni kazi za kila siku za mama wa Kongwa, na presbiopia ilikuwa ikizikwamisha. Mtu haulizi hivyo kama hajakaa uani na wenyeji.

Njia ya kuipima presbiopia kwa kazi za mikono ilishafunguka. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha jaribio lililofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao ya siku kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wamepewa bado. Mwaka 2024 jaribio jingine, la Bangladesh, lilionyesha kipato cha waliopata miwani kikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya miezi minane.

Leo optometria inafundishwa Moshi, pale KCMC, na Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kwa maoni yangu, matokeo ya Kongwa yanastahili kukaa sambamba na kanuni ya Hofstetter tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu yanabadilisha kinachofanyika kwenye chumba cha kupimia. Kitabu hushikwa kama sentimita 40 kutoka machoni, na umbali huo unadai diopta 2.5. Ungo ukishikwa sentimita 50, zinahitajika 2 tu. Anayetunga uzi kwenye sindano huisogeza karibu zaidi, na mahitaji yake hupanda. Mama asiyesoma akipimwa kwa kadi ya herufi ya sentimita 40 na kupewa lenzi ya hapo, anaweza kurudi nyumbani na miwani ambayo haimfai kwa kazi yake. Mpimaji amuulize kwanza anashughulika na nini, kisha amwombe anyooshe mikono kama ameshika ungo, na apime umbali huo kwa rula.